Mume wangu wa Lamu, bahari ya Mexico na mwezi wa Agosti

*"Sisi ni watu wa Lamu, tunaishi Toronto mwaka wa kumi sasa. Tuna likizo ya wiki mbili mwezi wa Agosti na tumeona video nyingi za mji wa La Paz kule Mexico: samaki, kombe, mashua za matanga, maji ya kijani. Mume wangu amelelewa kwenye vyombo, baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, na kwake yeye bahari ni bahari. Anataka tukodi yoti bila nahodha, tulale visiwani siku nne au tano, ashike usukani mwenyewe. Mimi naogopa. Nasikia kule kuna vimbunga. Tena ana kisukari mwaka wa nane huu, na kwenye hizo video watu wanakula kombe wabichi kwa ndimu. Yeye anasema ndimu imeshawapika. Juu ya hayo sisi ni Waislamu, sijui tutakula nini bila shaka moyoni. Twende, tusiende, au tubadilishe mpango? Nijibu kwa urefu, maana nitamsomea."*

Dada yangu, nitatanguliza jibu halafu sababu, kwa kuwa najua shemeji atauliza sababu. Nendeni. Lakini Agosti iacheni kama mna njia, siku mbili za mwanzo mchukue nahodha wa palepale, na ndimu haimpiki kombe hata ukimwaga kikapu kizima.

Mimi ni mtoto wa Tanga, na nimefanya kazi kwenye yoti za kukodisha pale La Paz misimu minne. Mwambie shemeji simdharau. Mtu aliyekulia kwenye jahazi ana jicho la maji ambalo halifundishwi darasani: huona rangi ya kina, huona upepo unavyokuja juu ya maji kabla haujafika. Hilo litamfaa sana. Kilichonitia adabu mimi kule ni mambo niliyodhani nayajua.

Tuanze na vimbunga, kwa sababu hofu yako ina msingi. Kimbunga kinahitaji maji ya moto, kama nyuzi 26 na nusu kwenda juu, na kinahitaji mzunguko wa dunia uupinde upepo hadi ujizungushe. Karibu na ikweta upindaji huo ni hafifu mno. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, ndiyo maana wazee wetu walihesabu pepo za kusi, kaskazi na matlai, na kimbunga hakikuwamo kwenye hesabu. Hata Tanzania, kile cha Hidaya kilichosogea pwani Mei 2024 kilishangaza watu kwa sababu ni jambo la nadra. La Paz iko nyuzi 24 kaskazini, na msimu wa vimbunga wa upande ule wa Pasifiki huanza rasmi 15 Mei na kwisha 30 Novemba. Kwa ncha ya kusini ya rasi ya Baja California, sehemu mbaya kabisa ni kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba, bahari ikiwa imekwisha kupata moto.

Wenyeji wa mji ule hawasimuliwi habari hizi. Mwaka 1976 kimbunga Liza kilileta mvua iliyobomoa tuta la udongo juu ya mji, na watu mamia walikufa usiku mmoja, wengi wao hata hawakuwa baharini. Mwaka 2014, usiku wa 14 Septemba, kimbunga Odile kilipiga ncha ya rasi kikapanda kaskazini. Pale La Paz vyombo kadhaa vilivyokuwa vimetia nanga vilizama au vilitupwa ufukweni.

Sasa usinielewe kwamba kila Agosti ni maafa. Agosti nyingi hupita na joto tu, nyuzi 35 na zaidi, hewa imesimama, mtu anatafuta kivuli kama mbuzi. Tena siku hizi kimbunga hujulikana siku kadhaa kabla, na mtu aliye hotelini ana muda wa kuondoka au kujifungia. Mwenye shida ni aliye kwenye yoti, siku ya tatu, nyuma ya kisiwa kisichokaliwa na watu, simu haishiki. Kwake siku hizo kadhaa hugeuka haraka kuwa saa chache. Ofisi ya nahodha wa bandari, wanaiita Capitanía de Puerto, nayo hufunga bandari kwa vyombo vidogo hali ikichafuka. Usiku wako mmoja wa kukodi ukiliwa na bandari iliyofungwa, fedha hairudi ila kama mkataba umesema hivyo.

Likizo isipohamishika kabisa, basi Agosti iwe safari ya nchi kavu: chumba mjini karibu na malecón, ile njia ndefu ya kutembea kando ya maji, na bahari iwe ya kwenda asubuhi na kurudi mchana. Nunueni bima ya safari mapema. Bima haifidii dhoruba iliyokwisha kupewa jina siku mliyonunua.

Mkiweza kuchagua, mimi ningewapeleka katikati ya Novemba, au mwisho wa Aprili hadi Mei. Novemba maji bado yana uvuguvugu na papa shilingi wameshafika ghubani. Ndiyo, yuleyule papa shilingi wa Mafia, mwenye madoa kama sarafu mgongoni, na miezi yao inakaribiana na ya Mafia. Huonwa kwa boti zenye kibali tu, kwa zamu, na mtu hamgusi. Aprili na Mei upepo ni wa kistaarabu zaidi, ila maji ni baridi kwa mtu wa Lamu. Februari na Machi hushuka hadi karibu nyuzi 20, utapiga mbizi moja utoke ukitetemeka midomo. Na kama mmeona video za kuogelea na simba wa bahari kwenye miamba ya Los Islotes, jueni kwamba kuingia majini pale hufungwa kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, wakati wanazaa. Kwa hiyo Agosti hata hilo mngelikosa.

Sasa upepo. Hapa ndipo nataka shemeji asikilize.

Ghuba ya California, wenyewe huiita Bahari ya Cortés, ni kama mfereji wa zaidi ya kilomita 1,000, milima huku na milima huku. Kipindi cha baridi, hewa nzito ikijikusanya magharibi ya Marekani, hutafuta njia ya kushuka, na mfereji ule ndiyo njia. Wanauita El Norte. Huanza Novemba, hushika zaidi Desemba hadi Februari, na ukianza huvuma siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, noti 20 hadi 30, yaani maili 20 hadi 30 za baharini kwa saa. Kaskazi yetu ina nguvu lakini ina adabu: inakuja na mawimbi marefu ambayo jahazi linapanda na kushuka. Kule ghubani mawimbi ni mafupi na yamesimama wima, moja halijapita jingine lipo. Kupiga bisho, yaani kukata huku na huku dhidi ya upepo, kuyaelekea kwa yoti ya futi 38 ni kama kuendesha gari kwenye ngazi. Dawa yake ni moja: hutoki. Unakaa ndani ya hori, yaani ghuba ndogo, kama Caleta Partida kule visiwani, unakoroga chai, unangoja.

Wa pili ndio uliowakosesha usingizi wageni wengi zaidi. Unaitwa Coromuel. Wenyeji watakusimulia kwamba ni jina la haramia fulani wa Kiingereza, Cromwell, lililopinda ulimini mwao. Hadithi tamu, ichukue kama hadithi. Upepo wenyewe ni kitu ambacho mtu wa Lamu ana neno lake: ni ndugu mkubwa wa umande. Umande wetu ni ule wa bara unaoshuka baharini alfajiri, mwanana, wavuvi hutoka nao. Kule, upande wa pili wa rasi, Pasifiki ni baridi. Upande wa ghuba kuna moto. Katikati, kusini ya La Paz, milima inapungua na kuacha uwazi. Hewa baridi hupita kwenye uwazi huo jua linapokaribia kuzama, ikaja mjini na visiwani ikitoka kusini na kusini-magharibi, na haikomi hadi asubuhi jua likiwa limepanda. Msimu wake ni tangu mwisho wa machipuko na kiangazi chote hadi kuelekea Septemba.

Picha ni hii. Mmefika kisiwa cha Espíritu Santo saa saba mchana. Hori ziko upande wa magharibi, zimechongwa kwenye mwamba mwekundu, mchanga mweupe, maji kama kioo. Mnatia nanga, mnaogelea, mnakula, mnalala. Saa nne usiku sufuria inaanguka. Unatoka nje: upepo wa noti 20 unaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa hori, yoti imegeuka, shetri, yaani nyuma ya chombo, inaangalia mwamba na mawimbi yanavunjika mita 40 nyuma yako. Nanga ikiwa imeshika vizuri, utakesha tu. Ikiwa haikushika, utajua usiku uleule. Nahodha wa pale, akiona msimu wa Coromuel, hulala upande wa mashariki, mathalan Bonanza, ambako hakuna uzuri wa kupiga picha kama magharibi lakini mtoto analala. Tofauti ya likizo nzuri na likizo mbaya pale mara nyingi ni hiyo: kujua utalala upande gani wa kisiwa. Haimo kwenye kitabu cha yoti, na haina uhusiano na ushujaa.

Jambo la tatu ni langu mwenyewe, na ni la aibu. Mara ya kwanza kuingia La Paz nikiwa peke yangu kwenye usukani nilikuwa na cheti mkononi na miaka kumi na miwili ya Tanga, Pemba na Mombasa mgongoni. Mlango wa bandari ile ni mkondo mwembamba wa maili kadhaa: kushoto kwako mji, kulia fungu refu la mchanga linaloitwa El Mogote. Umewekwa maboya. Nikaona boya nyekundu, nikaiacha mkono wa kushoto kama nilivyofanya maisha yangu yote nikiingia bandarini kutoka baharini. Dakika mbili baadaye mkuku, ule uti wa chini ya chombo, ukasema "kruuu", yoti ikainama taratibu, tukasimama. Maji yalikuwa yakipwa. Nilikaa pale saa tano na wageni wanne, tukila biskuti, watu wa malecón wakitupiga picha.

Dunia ya maboya imegawanywa mara mbili. Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia wako upande mmoja, nyekundu huachwa kushoto ukiingia. Amerika yote, kaskazini na kusini, pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, wako upande wa pili: nyekundu huachwa kulia. Nililijua hilo kwenye mtihani. Mkono ndio haukulijua. Na mkono wa shemeji, aliyefundishwa na baba yake, unajua la Lamu.

Wataalamu wa pale wana msemo wa "dansi ya La Paz", na si utani. Kupwa na kujaa ni kwa kiasi, mita moja hadi mbili hivi, kidogo kuliko bamvua, yaani maji makuu, la Lamu au Mombasa, lakini maji yote ya hori kubwa ya ndani lazima yapite kwenye mkondo ule mwembamba, kwa hiyo yanakimbia. Ukitia nanga pale, chombo chenye mkuku mrefu kinautii mkondo, katamarani lisilo na mkuku linautii upepo, na vyombo viwili vilivyolala vikitazama upande mmoja jioni huamka vikibusiana. Msimamizi wa yoti hataona haya kuwatoza mkwaruzo.

Sasa ule mpango wa kukodi bila nahodha. Kwanza, wenye yoti wataomba maandishi: vyeti au orodha ya safari, ukubwa wa vyombo, mara ngapi umetia nanga usiku. Ujuzi wa jahazi hauna karatasi, na hilo linaudhi, nalijua. Pili, chombo chenyewe ni kingine. Kwenye jahazi, kugeuza tanga ni kazi ya watu, foromali, ule mti unaobeba tanga, inahamishwa kuuzunguka mlingoti, kila mtu anajua linatokea. Kwenye yoti, mti wa chini wa tanga kuu hupita juu ya vichwa peke yake, kwa sekunde moja, upepo ukitoka nyuma na mshika usukani akipitiwa. Nimeona mtu mwenye uzoefu mkubwa kuliko wangu akipasuliwa paji la uso namna hiyo. Tatu, kule mnakuwa wawili tu, wewe na yeye. Nikuulize kwa upole, dada: sukari ikimshuka saa nane usiku na nanga inaburura, wewe unaweza kuwasha injini na kuipandisha nanga?

Ninachopendekeza ni katikati. Kodini yoti pamoja na nahodha mwenyeji kwa siku mbili, shemeji akishika usukani kweli, siyo abiria. Waambieni tangu mwanzo kwamba mnataka hivyo. Wengi hufurahi, maana kazi inakuwa mazungumzo. Siku ya pili jioni muulizeni nahodha, mbele ya shemeji, kama angemwachia chombo kwa usiku mmoja wa karibu. Akisema ndiyo, shemeji atakuwa amepata heshima yake kwa mtu anayejua. Akisema bado, mmebaki na nahodha, na hamjapoteza kitu. Kuna pia mashua za fibaglasi zenye injini ya nyuma, wanaziita "panga", jina ambalo litawachekesha. Hizo hupeleka watu visiwani na kurudi siku hiyohiyo. Eneo la bahari ya Espíritu Santo ni hifadhi ya taifa tangu 2007, kuna ada ya kila siku na mkanda wa kuvaa mkononi, ulizeni kama imo kwenye bei. Ufuko wa Balandra nao una idadi ya watu kwa zamu, asubuhi na mchana, kwa hiyo wahini.

Nije kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kilichonifanya nirudi msimu wa pili.

Pale mjini kuna kombe anaitwa almeja chocolata. Hana chokoleti yoyote. Ni rangi ya gamba lake, kahawia inayong'aa, kubwa kama kiganja. Muuzaji wa mkokoteni humpenyeza kisu, humfungua, humkata vipande ndani ya gamba lake mwenyewe, halafu hukamua ndimu. Ukitazama kwa karibu utaona nyama inajikunja. Bado yu hai. Watu hushangilia. Na ladha, nisikufiche, ni tamu, ina chumvi na utamu wa mbali kama wa dafu.

Shemeji anasema ndimu imempika. Kinachotokea ni kwamba asidi hukaza protini, nyama inageuka nyeupe na ngumu kidogo, na jicho linaona kitu kilichoiva. Lakini moto hufanya kazi mbili, hukaza nyama na huua vijidudu, na ndimu hufanya ya kwanza tu. Kombe huishi kwa kuchuja maji siku nzima, na chochote kilichomo majini hubaki ndani yake. Kwenye bahari ya moto kuna jamii ya bakteria waitwao Vibrio. Mtu mwenye afya akiwapata, mara nyingi ni kuhara siku mbili tatu. Mtu mwenye ugonjwa wa ini, kisukari, au kinga dhaifu anaweza kuingiwa na sumu kwenye damu, na hapo ni suala la saa. Kwa hiyo kwa shemeji jibu langu halina "lakini": kombe mbichi hapana, callo de hacha, kombe mwingine wa pale, mbichi hapana, na aguachile, ule uduvi mbichi ulioloweshwa ndimu na pilipili, hapana. Ningesema hivyo hivyo kwa mama mjamzito.

Hapotezi sana. Ulizeni almejas tatemadas, mtindo ambao asili yake inatajwa kuwa Loreto, juu kaskazini. Kombe hupangwa chini kwenye changarawe, mdomo ukitazama ardhi, hufunikwa matawi makavu ya kichaka kiitwacho romerillo, na matawi hutiwa moto. Moto huwaka kwa vurugu kisha hufa, majivu hupeperushwa, na kombe wameiva ndani ya maji yao wenyewe wakinukia moshi. Kama mnachemsha wenyewe, gamba likishafunguka endeleeni kuchemsha dakika 3 hadi 5 zaidi, na lisilofunguka litupwe. Moto nao una mpaka wake: maji yakiwa na marea roja, yaani mwani wenye sumu, kombe hubeba sumu isiyoharibiwa na kupikwa. Serikali hutangaza katazo vipindi hivyo, na mkahawa wa maana huwaondoa kwenye orodha. Kwa hiyo kombe wa kuokota wenyewe ufukweni, msiguse.

Upande wa dini, habari ni njema kuliko unavyodhani. Kwetu watu wa madhehebu ya Shafii cha baharini hakina mgogoro, na mji ule unakula bahari asubuhi hadi jioni. Mitego iko kwenye vitu vinavyomzunguka samaki. Taco za samaki za Baja ni vipande vya samaki vilivyochovywa kwenye uji wa unga wa ngano na kukaangwa, na uji huo vibanda vingi huukoroga kwa bia. Kukaanga kwenyewe pengine ni mafuta ya mbegu, pengine ni manteca, mafuta ya nguruwe. Chapati zao za ngano mara nyingi zina manteca ndani, maharage ya kupondwa vilevile. Tortilla za mahindi ndizo kimbilio: mahindi, maji na chokaa. Mahindi huchemshwa na chokaa hadi ganda litoke, kisha husagwa yangali na maji. Kwao ndiko mahindi yalikozaliwa, ugali wetu ni mjukuu wa huko, na ukinusa tortilla ikitoka kwenye bamba utaelewa undugu.

Basi jifunzeni maswali mawili. "¿Lleva manteca?" ni kuuliza kama ina mafuta ya nguruwe. "¿Lleva cerveza?" ni kuuliza kama ina bia. Hakuna atakayekasirika, wapishi wa vibanda huulizwa mengi. Akijibu ndiyo, agizeni "a la plancha", samaki wa kwenye bamba bila unga, kwa tortilla de maíz. Na siku moja tafuteni pescado zarandeado: samaki mzima amepasuliwa mgongo akafunguliwa kama kitabu, amepakwa rojo la pilipili na kubanwa kwenye wavu juu ya makaa. Mtu wa Lamu akiuona atauliza nazi iko wapi. Nyama ya ng'ombe na kuku waacheni, sikuwahi kukutana na bucha la halali pale. Na mtu akiwanong'oneza habari za caguama, huyo ni kasa, marufuku nchini humo tangu 1990, nyanyukeni.

Kuhusu kisukari, mimi ni nahodha na si daktari, kwa hiyo haya ni ya chombo tu. Kabla ya kulipa chochote, shemeji amwone daktari wake hapo Toronto, amwambie maneno haya: jua kali, kutapika baharini, milo isiyo na saa, na kombe. Insulini kama anatumia isikae kwenye sanduku lililo juani wala isigusane na barafu. Majini avae viatu, na kwenye maji mafupi ya mchanga kama Balandra akokote miguu badala ya kupiga hatua, maana samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia pale na hukimbia wakisikia mtikiso. Akichomwa, maji ya moto hupunguza maumivu, lakini wewe ndiye uyapime kwa mkono wako: mguu wa kisukari unaweza kuungua bila yeye kusikia. Jeraha lolote linalovimba haraka, kugeuka zambarau au kutoa malengelenge, au homa yenye baridi ndani ya siku moja mbili baada ya kula au kuumia, ni hospitali siku hiyohiyo, na mseme waziwazi kwamba ana kisukari na jeraha limeguswa na maji ya bahari. Msingoje kurudi Canada.

Mengine kwa ufupi. Mkiwa na kadi halali ya ukazi wa kudumu wa Canada hamhitaji viza ya Mexico hata kwa pasipoti ya Kenya, ila kadi na pasipoti ziwe mkononi, zisiwe kwenye mzigo. Ndege nyingi za moja kwa moja hushuka San José del Cabo, na kutoka hapo ni saa mbili hadi tatu kwa gari hadi La Paz. Safirini mchana, ng'ombe hulala barabarani. Mji wenyewe ni mtulivu, familia hutembea malecón hadi usiku. Feri za kuvuka ghuba kwenda Mazatlán au Topolobampo zisiwavutie. Huko ni jimbo la Sinaloa, na hali yake ya usalama ni habari nyingine.

Mwonyeshe shemeji barua hii yote, hata pale nilipokwama. Na mkiingia mlango ule, boya nyekundu ikiwa mkono wa kulia, tazameni ng'ambo yake maji yanapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo tulipokula biskuti.